Siku tatu AICC na swali la mama wa genge

“Mwanangu, siku zote tatu hizo mlizokaa AICC, mmekubaliana nini?”

Aliyeniuliza ni mama mwenye genge la mboga jirani na ninapoishi, hapa Daraja Mbili, Arusha. Ilikuwa jioni ya Ijumaa. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo, ameitikia marahaba, ananichagulia nyanya huku akizigeuza moja moja kutafuta zilizopondeka. Beji ya mkutano ilikuwa bado shingoni mwangu, nimesahau kuivua tangu kwenye kifodi. Aliisoma, akaniangalia, akauliza kama mtu aliyetuma mjumbe na sasa anataka majibu.

Nikamwambia tulizungumzia uchumi na fedha: mfumuko wa bei, riba, mikopo ya wafanyabiashara wadogo. Akaacha nyanya.

“Basi hayo ni ya kwangu. Mmesema riba itashuka?”

Begani nilikuwa na makabrasha ya kurasa zaidi ya mia mbili, na sikuwa na sentensi hata moja ya kumpa. Swali lake limenikaa moyoni kuliko mada yoyote niliyoisikia ukumbini. Kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyoona kwamba mji wetu umekuwa ukiliuliza swali hilo kwa miaka mingi: mambo ya fedha yanapojadiliwa, nani yumo chumbani, na nani anarudi kuwaeleza waliobaki nyumbani?

Kutoka Daraja Mbili hadi AICC si mbali. Unapanda kifodi, jina ambalo hatujaliacha hata sasa ambapo gari lenyewe si Ford tena, unashuka karibu na Mnara wa Saa, unapandisha kwa miguu Barabara ya Boma hadi lilipo boma la Wajerumani lililogeuzwa makumbusho. Nyuma yake yanasimama majengo matatu ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC: Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Kukiwa kweupe, Mlima Meru unauona kama umeegemea paa. Watu wa mitaa yetu wanaingia pale kila siku. Wapo wanaopiga deki, wanaopika, wanaolinda magari, na vijana wa vyuo wanaopata kibarua cha siku mbili tatu cha kugawa beji. Wanaoingia kwenda kuzungumza ni wachache mno.

Majengo yale yalikusudiwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile iliyoanza Desemba 1967 na kuvunjika 1977. Mwaka uliofuata ndipo kilipoanzishwa kituo cha mikutano. Tangu hapo yamepokea mengi, kuanzia Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyofanya kazi humo hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, hadi mikutano ya mwaka ya Benki ya Maendeleo ya Afrika ya Mei na Juni 2012, ambayo ilileta magavana na mawaziri wa fedha wa bara zima. Wakazi wa Arusha wanaikumbuka wiki ile kwa misafara na barabara zilizofungwa. Yaliyosemwa ndani hawayakumbuki, kwa kuwa hakuna aliyekuja kuyasimulia.

Mkutano wa kitaaluma wa uchumi na fedha una taratibu zake, na mtu akiingia mara ya kwanza anaweza kudhani ni sherehe. Asubuhi ya siku ya kwanza ni usajili, mkoba, kalamu na ratiba. Mshereheshaji anaomba watu wakae. Mgeni rasmi anaingia, itifaki inazingatiwa, hotuba zinasomwa, picha ya pamoja inapigwa nje kwenye ngazi. Hadi saa tano hakuna hoja hata moja ya kiuchumi iliyogongana na nyingine. Kazi yenyewe huanza pale mgeni rasmi anapoondoka na wajumbe wanapogawanyika kwenye vyumba vidogo, kila chumba na mwenyekiti wake, kila mtafiti na dakika zake kumi na tano za kuwasilisha mada, na nyuma yake mchambuzi aliyeisoma mada ile kabla, aliyekuja mahususi kutafuta ilipopasuka.

Nitaeleza kikao kimoja tu, kwa sababu ndicho kilichonifundisha maana ya kwenda kwenye mikutano hii. Dada mmoja kutoka chuo kikuu cha hapa nchini aliwasilisha utafiti kuhusu vikundi vya kuweka na kukopa. Alikuwa amewahoji wanawake walio kwenye vikundi, akakuta kwamba kadiri mwanamke anavyokaa kikundini miaka mingi, ndivyo biashara yake inavyokuwa kubwa. Majedwali yalikuwa safi. Alizungumza kwa kujiamini na wasikilizaji wakatikisa vichwa kukubali. Kisha mchambuzi, mzee wa makamo mwenye miwani iliyoshuka hadi puani, akauliza jambo moja: “Waliotoka kwenye kikundi uliwapata wapi?”

Chumba kikanyamaza. Hakuwa amewatafuta. Aliwahoji waliobaki tu, na waliobaki ni wale ambao mambo yaliwanyookea. Walioshindwa kurejesha, waliofilisika, waliogombana na mwenyekiti na waliohamia Moshi hawakuwemo kwenye majedwali yake. Picha nzima ikabadilika kwa swali la maneno matano. Dada yule hakujitetea. Alichukua kalamu akaandika, na wakati wa chai niliwaona yeye na mzee yule wamekaa pembeni, mzee akimchorea kwenye kitambaa cha karatasi namna ya kurudi kijijini na orodha ya zamani ya wanakikundi kuwatafuta waliotoka. Chai yao ilipoa vikombeni. Hilo ndilo ambalo mtu hawezi kulipata kwa kusoma peke yake chumbani, na kama mkutano haukukupa hilo, ulichopata ni mkoba na posho.

Sasa niseme kwamba mama wa genge naye aliwahi kutoka kwenye kikundi cha namna hiyo. Alitoka miaka kadhaa nyuma, mwanaye alipolazwa na hisa zake zote zikaishia hospitali. Jibu la swali lililomkwamisha mtafiti lilikuwa linauza mchicha kilomita chache kutoka ukumbini.

Huenda mtu akasema mikutano ndivyo ilivyo, wataalamu kwa wataalamu. Mimi sikubali, na sababu yangu ni ya hapa hapa Arusha, ingawa inaanzia mbali.

Taasisi zinazoamua mambo mengi ya fedha duniani zilizaliwa mkutanoni. Julai 1944 wajumbe wa nchi 44 walikaa kwa wiki tatu katika hoteli moja pale Bretton Woods, Marekani, chini ya Mlima Washington, wakaunda Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, pamoja na Benki ya Dunia. Kutoka Afrika nzima zilikuwepo Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini ya makaburu. Tanganyika haikuwa na kiti kwa kuwa ilikuwa chini ya Mwingereza. Kwa hiyo kanuni ambazo baadaye zingeamua thamani ya shilingi ya mkulima wa kahawa wa Meru ziliandikwa bila yeye wala mtu yeyote wa kumsemea.

Miaka 35 baadaye kanuni zile zilitufikia kwa uzito wote. Mwaka 1979 Tanzania ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, bei ya mafuta imepanda tena, bei ya kahawa imeanguka, na Jumuiya imevunjika na kutuachia gharama za kuanzisha upya reli, shirika la ndege na posta. Fedha za kigeni zilikauka. Waziri wa Fedha alikuwa Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu na Katibu Mkuu wa mwisho wa ile Jumuiya, mtu aliyeijua Arusha vizuri kwani ofisi yake ilikuwa hapa, na baadaye akaishi Tengeru akilima kahawa. Mtei aliona hakuna njia isipokuwa kukubaliana na IMF, ikiwemo kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu Nyerere alikataa. Mtei akajiuzulu mwezi Desemba. Tarehe 1 Januari 1980, akiwahutubia mabalozi Dar es Salaam, Mwalimu akahoji ni lini shirika lile limegeuka kuwa wizara ya fedha ya mataifa yote.

Miezi sita baadaye, kuanzia tarehe 30 Juni hadi 3 Julai 1980, wataalamu wa uchumi na watunga sera kutoka Kusini na Kaskazini walikutana Arusha kujadili mfumo wa fedha wa dunia. Walikuwemo watu waliokuwa karibu na mambo ya Jamaica, nchi ambayo mwaka huo huo ilikuwa imevunja mazungumzo yake na IMF. Tamko walilolitoa likaitwa Arusha Initiative, na likachapishwa katika jarida la Taasisi ya Dag Hammarskjöld ya Uppsala, Sweden. Kiini chake kinaeleweka hata gengeni: masharti ya mkopo si sayansi isiyo na upande. Ni uamuzi wa kisiasa, na uamuzi wa kisiasa lazima uwahusishe wanaoubeba. Wakautaka Umoja wa Mataifa uitishe mkutano wa dunia kuhusu sarafu na fedha, ambamo kila nchi ingekuwa na sauti.

Niseme wazi ninavyoona. Mwalimu alikuwa sahihi kuhusu nani anaamua, na Mtei alikuwa sahihi kuhusu hali ya hazina. Shilingi iliyokuwa kama 8 kwa dola mwaka 1980 ililazimika kushuka, na mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, ilishushwa kutoka 17 hadi 40, mkataba na IMF ukasainiwa mwaka huo huo. Tulichelewa, na kuchelewa kule kulikuwa na gharama: wa rika langu na wakubwa zangu wanaikumbuka foleni ya sabuni na sukari. Lakini hoja iliyotolewa Arusha haikufa kwa sababu sisi tulishindwa kulipa bili. Umoja wa Mataifa uliitisha mkutano wake wa kwanza wa ngazi ya juu kuhusu ufadhili wa maendeleo Monterrey, Meksiko, mwaka 2002, miaka 22 baada ya Arusha. Novemba 2024 ndipo nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilipopata kiti cha tatu katika bodi ya wakurugenzi ya IMF. Marekani peke yake bado ina zaidi ya asilimia 16 ya kura, na maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85, kwa hiyo hakuna linalopita isipotaka. Mkutano wa nne wa ufadhili wa maendeleo ulifanyika Sevilla, Hispania, mwaka 2025. Ulianza tarehe 30 Juni ukamalizika tarehe 3 Julai, tarehe zile zile za Arusha, baada ya miaka 45 kamili.

Nimewauliza vijana wengi wa hapa mjini kuhusu Azimio la Arusha la 1967, na wote wanalijua angalau kwa jina. Mkutano wa 1980 hakuna hata mmoja aliyeujua. Azimio liliandikwa kwa Kiswahili, likasomwa redioni, likaimbwa shuleni. Tamko la 1980 liliandikwa kwa Kiingereza, likapanda ndege likaenda Uppsala.

Hata hivyo wachumi wetu hawakulala. Katikati ya miaka ya themanini walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakikutana katika warsha na kubishana waziwazi juu ya kushusha thamani, bei za mazao na uagizaji huria, wakati ambapo kubishana hivyo kulihitaji moyo. Kutoka kwenye mijadala hiyo mwaka 1984 kilitoka kitabu cha sera za kutengemaza uchumi kilichohaririwa na Ibrahim Lipumba, Lucian Msambichaka na Samuel Wangwe. Serikali ilipokaa mezani mwaka 1986, nchini tayari walikuwepo watu waliokwisha kuyapima yale yanayojadiliwa. Mwaka 1988 likaanzishwa Nairobi shirika la AERC, la kuwalea watafiti wa uchumi wa Afrika, na Watanzania watatu wameliongoza kwa nyakati tofauti: Benno Ndulu, Delphin Rwegasira na William Lyakurwa. Ndulu baadaye akawa gavana wa Benki Kuu kwa miaka kumi, 2008 hadi 2018, akafariki Februari 2021.

Njia ya AERC naipenda kwa sababu haina njia ya mkato. Warsha zake hufanyika mara mbili kwa mwaka, na Arusha imezipokea zaidi ya mara moja. Kijana anakuja na pendekezo la utafiti, analitetea mbele ya wakubwa wa fani, wanalichanachana, anarudi nyumbani. Baada ya miezi kadhaa anakuja tena na kazi iliyofika katikati, wanaichanachana tena. Anarudi mara nyingine na kazi iliyokamilika. Wengi wanaoshika nafasi kwenye benki kuu na wizara za fedha za Afrika leo walipitia tanuri hilo, na wengine walilia kwenye korido kabla hawajakomaa.

Nalitaja hili kwa sababu siku hizi kuna mikutano ya namna nyingine kabisa inayowawinda vijana wetu. Barua pepe inaingia asubuhi: mtafiti mheshimiwa, umealikwa kuwasilisha mada kwenye mkutano wa kimataifa wa uchumi na fedha, mji wa kifahari, tuma ikisiri. Ikisiri inakubaliwa kwa siku mbili bila swali hata moja, kisha inafuata ankara ya dola mia tatu au mia nne. Kijana mmoja wa mtaa wetu, anayesoma shahada ya uzamili, alichangiwa na ndugu zake, mjomba akauza ndama, akasafiri. Alikuta chumba kimoja cha hoteli, watu kumi na wawili, wahandisi na wauguzi wamechanganywa na wachumi, kila mtu anasoma mada yake na kukaa chini. Hakuna aliyemuuliza chochote. Alirudi na cheti chenye rangi ya dhahabu, akakionyesha kwa msimamizi wake, na msimamizi akakitazama bila kusema neno.

Wanaonisoma wenye watoto vyuoni, waambieni hivi kabla hamjauza ndama: kama ikisiri imekubaliwa kabla haijasomwa, hiyo ni biashara ya tiketi. Ulizeni nani ameandaa, mwaka jana ulifanyika wapi, mchambuzi wa mada ni nani. Na mkutano wa kweli mara nyingi huwa na nafasi chache za ufadhili kwa wanafunzi, anayeomba mapema hupata.

Nirudi gengeni, maana swali la mama nilikuwa sijalijibu.

Jumapili iliyofuata alinialika kwenye kikundi chake kipya, saa kumi jioni, uani kwa mwenyekiti. Wanawake ishirini na wanaume wanne, viti vya plastiki vimepangwa duara, katikati sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu zinashikwa na watu watatu tofauti, na mwenye sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Katibu aliita majina. Aliyechelewa alitozwa faini ya mia tano, akailipa bila kununa. Muhtasari wa kikao kilichopita ulisomwa, ukathibitishwa. Hisa zikanunuliwa, kila mtu kwa idadi yake, fedha zikahesabiwa kwa sauti mara mbili, noti zikinyooshwa juu ya goti. Kisha ikaingia mikopo, na hapo ndipo nilipokaa vizuri kitini.

Mama mmoja aliomba laki tatu za kununua cherehani. Waliomuuliza walikuwa wakali kuliko mzee yule wa miwani. Una oda ngapi? Msimu wa sare za shule umepita, mwezi huu utashona nini? Yule fundi wa zamani wa mtaa amefungaje? Hisa zako ni laki, mkopo wa mara tatu yake utaumuduje? Alijibu moja moja. Wakampa laki mbili, wakamwambia akishona hadi Desemba arudi kwa iliyobaki. Ukitoa viyoyozi, sikuona kikao kile kilikosa nini ambacho kikao cha AICC kilikuwa nacho. Vikundi vya mtindo huu asili yake ni Niger, ambako shirika la CARE lilianza nao mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini, na sheria yetu ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imevitambua. Imewapanga watoa huduma katika madaraja manne, na vikundi vya kijamii kama hiki ni daraja la nne, vinasajiliwa kupitia halmashauri.

Baada ya kikao nikamweleza mama nilichopaswa kumweleza Ijumaa ile. Nilimwambia kwamba tangu Januari 2024 Benki Kuu inatangaza riba yake, ambayo ndiyo dira ya mabenki. Ilianza asilimia 5.5, ikapanda hadi 6, Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75. Akataka kujua hiyo inamfikaje. Nikamwambia kweli: benki ili ikupe mkopo inataka dhamana, na wewe hati ya nyumba huna, kwa hiyo riba ile inashuka juu yako kama mvua ya Meru, inanyesha mlimani wakati huku chini vumbi linatimka.

Akanisimulia lake. Mtoto alipougua, baada ya hisa kwisha, alikopa laki mbili kwa wale wakopeshaji wa mitaani tunaowaita kausha damu. Mwezi mmoja baadaye alirudisha laki mbili na sitini, na friji lake lilikuwa limeshabebwa kwa siku nne alizochelewa. Nikamwambia kwamba Benki Kuu imeweka ukomo kwa wakopeshaji wa daraja la pili, asilimia 3.5 kwa mwezi. Tukapiga hesabu pale pale nyuma ya daftari la kikundi: kwa laki mbili ni elfu saba. Yeye alilipa elfu sitini. Aliitazama namba ile kwa muda mrefu. “Elfu saba,” akasema. “Na hili lilikuwa linajulikana?”

Lilikuwa linajulikana. Lilikuwemo hata kwenye makabrasha yangu, kwa Kiingereza, ukurasa ambao nilikuwa nimeupigia mstari.

Sikubali hoja kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba uchumi. Tunayo maneno: mfumuko wa bei, ukwasi, hati fungani, urari wa malipo, mizania, dhamana. Nilipomweleza mama ukwasi, kwamba mtu anaweza kuwa na mali mezani na asiwe na fedha mkononi, alicheka akaniambia hiyo ni Jumatatu yake kila wiki, genge limejaa kutoka soko la Tengeru na pochi haina nauli. Alilielewa neno kwa haraka kuliko nilivyolielewa mimi darasani. Jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, SADC, ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2019, Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Kwa nini basi katika mji ambao wahudumu, madereva, walinzi na zaidi ya nusu ya wajumbe wanakizungumza, dada yule wa vikundi alazimike kueleza maisha ya wanawake wanaozungumza Kiswahili kwa lugha ambayo wao hawaifahamu, mbele ya wachambuzi ambao wengi wao pia ni Waswahili?

Ombi langu nalielekeza kwa vyuo vyetu, kwa Benki Kuu na taasisi zote zinazoandaa mikutano ya uchumi hapa Arusha, na halihitaji bajeti kubwa. Alasiri ya siku ya mwisho, wekeni kikao kimoja cha saa mbili kwa Kiswahili, mlango wazi, bila ada, watafiti waeleze walichokuta na wakazi wa mji waulize. Toeni muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, ubandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata, Daraja Mbili, Unga Limited, Sombetini, Ngarenaro, hadi Tengeru sokoni. Na mtafiti anayehesabu vikundi vyetu aanze kwa kuja kukaa navyo.

Kikundi cha mama hukutana kila Jumapili saa kumi jioni. Nimemuuliza mwenyekiti kama mgeni anaruhusiwa. Amesema anaruhusiwa, ila akichelewa atalipa mia tano kama wengine.